Msimamizi Asiyeonekana: Mfumo Endeshi wa Kompyuta na Watu Walioutunga

Nawasalimu ninyi mliokusanyika darasani pamoja na mwalimu wenu, nawasalimu mnaosikiliza nyumbani, na wewe pia utakayesoma maneno haya baadaye katika kijitabu. Soma polepole. Neno likikushinda, lipigie mstari, umwulize mwenzako, kisha uendelee.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kompyuta, tukaona kwamba simu ya mkononi yenye kioo kipana nayo ni kompyuta, ila ni ndogo. Tulisema ina sehemu ya kuhesabu, ina mahali pa kuweka kumbukumbu, ina kioo cha kuonyesha na kipaza sauti. Lakini liko jambo moja hatukulieleza. Wewe unasikiliza muziki katika simu yako, mara ujumbe unaingia, mara ndugu yako anapiga, nawe huku unahesabu bei ya saruji. Kazi hizi zote zinataka sehemu ile ile moja ya kuhesabu. Basi nani anayesema, "Wewe ngoja, wewe pita"? Nani anayezuia hesabu ya saruji isichanganyike na namba ya siri ya fedha zako?

Yuko msimamizi. Haonekani, wala si mtu. Jina lake ni mfumo endeshi. Mwalimu, tafadhali andika maneno hayo ubaoni. Mfumo ni mpango wa mambo mengi yanayofanya kazi pamoja. Endeshi latokana na kuendesha, kama mtu aendeshavyo gari au shughuli.

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga unga. Mashine ni moja, na wenye mahindi ni wengi. Mlangoni amesimama kijana mmoja. Yeye hupanga foleni, hupima madebe, huangalia unga wa mama huyu usiingie katika gunia la mama yule, na mashine ikipata moto sana huizima. Wenye mahindi hawasemi na mashine, husema na yule kijana. Sasa fikiri kijana huyo ni mwepesi kupita kiasi. Badala ya kumaliza debe zima la mtu mmoja, humsagia kila mtu kibaba kimoja, humrudisha nyuma ya foleni, humwita wa pili, humwita wa tatu, na kumrudia wa kwanza, mamia ya mara kwa nukta moja. Kila mama ataona unga wake unatoka bila kukatika, naye atadhani mashine ni yake peke yake. Hivyo ndivyo mfumo endeshi ufanyavyo kazi ndani ya simu yako sasa hivi.

Huenda unaijua mifumo hii kwa majina. Katika kompyuta nyingi za ofisini umo mfumo uitwao Windows. Katika simu nyingi umo Android. Katika simu za iPhone umo iOS. Na uko mwingine, Linux, ambao watu wengi hawajausikia ingawa wanautumia kila siku, nao tutauzungumza zaidi leo.

Jambo la pili la kufahamu ni hili, nalo ni kubwa kwetu sisi tunaojifunza kusoma. Mfumo endeshi ni maandishi. Haukuchongwa wala haukuyeyushwa kiwandani. Watu waliketi wakauandika mstari kwa mstari, kama barua ndefu ya maagizo: ikitokea hivi, fanya vile. Na mtu aliyefundishwa lugha ya maagizo hayo huweza kuyasoma, akaona mwenzake alifikiri nini, akaona na kosa lake.

Lakini mashine haisomi maandishi hayo kama yalivyoandikwa. Kwanza lazima yasagwe yawe mfululizo mrefu wa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo mashine izilazo. Basi kuna namna mbili za programu ile ile. Iko namna ya mahindi na iko namna ya unga. Ukipewa unga, utapika na utakula vizuri. Lakini unga haupandwi. Hata ukiutazama kutwa hutajua mhindi wake ulikuwaje, wala hutaweza kuuotesha shambani. Aliye na mahindi aweza kula na aweza kupanda.

Shika mfano huu, ndugu yangu, kwa maana habari zote za watu nitakaowataja leo ni habari za mahindi na unga. Wako waliogawa mbegu na wako waliouza unga huku wakifungia mbegu ghalani.

Tuanze Marekani, katika jimbo la New Jersey, mahali paitwapo Murray Hill. Hapo palikuwa na maabara ya kampuni kubwa ya simu iliyoitwa AT&T. Maabara yenyewe iliitwa Bell Labs. Katika miaka ya 1960 maabara hiyo ilishirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kutunga mfumo endeshi mkubwa sana, jina lake Multics. Kazi ikawa nzito, ikachelewa, fedha zikaliwa. Mwaka 1969 Bell Labs wakajitoa.

Mabwana waliokuwa katika kazi ile wakabaki bila kazi ya maana ya kufanya. Mmoja wao alikuwa Bwana Ken Thompson. Alikuwa ametunga mchezo wa kuendesha chombo kati ya jua na sayari, akatafuta kompyuta ya kuuchezea, akaiona moja pembeni ambayo watu hawakuitumia sana. Ilikuwa ya aina ya PDP-7, na hata kwa wakati ule ilikuwa imekwisha kuzeeka. Mwaka huo huo wa 1969 mkewe alisafiri kwenda California kumpeleka mtoto wao mdogo akaonwe na babu na bibi. Safari ilikuwa ya majuma matatu. Bwana Thompson akayagawa majuma yale: moja la kuandika chombo cha kuhariri maandishi, moja la kuandika chombo cha kusaga programu, na moja la kuandika kiini cha mfumo endeshi. Mama na mtoto waliporudi, mfumo mpya ulikuwa umezaliwa.

Wenzake baadaye waliuita Unix, kwa kulifanyia mzaha lile jina la Multics. Multi ni wingi, uni ni mmoja.

Napenda habari hii, wala si kwa sababu ya wepesi wa Bwana Thompson. Watu husema ati mambo makubwa huanzishwa na wakubwa, kwa fedha nyingi na mpango wenye mihuri. Mpango wenye mihuri ulikuwapo, nao ulikuwa ule wa Multics. Na haukupotea bure, maana Bwana Thompson alichukua mawazo mengi kutoka humo. Lakini alijua la kuchukua na la kuacha, na kwa maoni yangu kujua la kuacha ni nusu ya ufundi.

Mwenzake mkuu alikuwa Bwana Dennis Ritchie, mtu mpole asiyependa makuu. Wawili hawa walitaka mashine bora, lakini wakubwa hawakutaka tena kusikia neno mfumo endeshi, kwa hasara waliyoipata. Basi walitumia akili. Ofisi ya kampuni iliyoshughulikia hati za uvumbuzi ilikuwa na makaratasi mengi ya kupiga chapa. Wakaahidi kutengeneza chombo cha kupanga maandishi kwa ajili ya ofisi hiyo, na kwa njia hiyo wakanunuliwa mashine mpya, PDP-11, iliyogharimu kama dola 65,000. Ahadi waliitimiza. Mwaka 1971 makarani wa ofisi ile walikuwa wakipiga chapa kwa kutumia Unix, na mwezi wa Novemba mwaka huo kitabu cha kwanza cha kuufafanua mfumo huo kikatoka.

Bwana Ritchie akatunga lugha ya kuandikia maagizo, akaiita kwa herufi moja tu, C. Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa lugha hiyo. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea. Kabla ya hapo mfumo endeshi uliandikwa kwa mashine ya aina moja, na mashine ikifa mfumo nao hufa. Kwa lugha ya C, mahindi ni yale yale, na kila mashine huyasaga kwa jiwe lake. Mfumo ukaweza kuhama kutoka mashine hadi mashine.

Tena alikuwako Bwana Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wao wa kazi. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba programu ziunganishwe kama mabomba ya maji: itokayo katika hii iingie katika ile. Programu moja ifanye kazi moja vizuri, na ya pili ipokee. Mafundi wa mifumo hutumia mabomba yake hata leo.

Sasa twaja kwenye mbegu. Mwaka 1956 AT&T ilikuwa imekubaliana na Serikali ya Marekani kwamba haitafanya biashara nyingine ila ya mawasiliano. Kwa hiyo haikuweza kuuza Unix dukani. Vyuo vikuu vilipoiomba, vilipewa kwa malipo madogo, tena pamoja na maandishi yake ya asili, yaani mahindi yenyewe. Wanafunzi wakasoma, wakasahihisha, wakaongeza. Huko Australia mwalimu mmoja, Bwana John Lions, aliandika kitabu katika miaka ya 1970 akieleza Unix mstari kwa mstari kwa wanafunzi wake. Kisha kampuni ikabadili masharti, ikakataza maandishi yale yasifundishwe darasani. Je, watu waliacha kukisoma? Hawakuacha. Walikinakili kwa mashine, wakanakili nakala, wakanakili na nakala ya nakala mpaka herufi zikafifia. Ninyi mliowahi kugombea kitabu kimoja watu kumi mwajua wanafunzi wale walivyokuwa.

Mwaka 1984 AT&T iligawanywa, na lile katazo la biashara likaondoka. Unix ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa bei kubwa. Ghala likafungwa.

Tuwaache kidogo watu wa Unix, twende upande wa kompyuta ndogo za mezani. Hapa nitapita upesi. Bwana Gary Kildall wa California alitunga mwaka 1974 mfumo ulioitwa CP/M, nao ukaenea sana katika mashine ndogo. Mwaka 1980 kampuni ya IBM ilitaka mfumo kwa ajili ya kompyuta yake mpya. Ilikwenda kwa Bwana Kildall, wasipatane. Yaliyosemwa siku ile husimuliwa kwa namna nyingi, nami sitaongeza yangu. Bwana Bill Gates na kampuni yake ya Microsoft wakaipokea kazi hiyo. Hawakuwa na mfumo, kwa hiyo waliununua kwa kampuni moja ndogo ya Seattle. Ulikuwa umeandikwa na kijana aitwaye Tim Paterson. Julai 1981 Microsoft ililipa dola 50,000 kupata haki zote, na Agosti kompyuta ya IBM ikaingia sokoni.

Werevu haukuwa katika kununua kwa bei ndogo. Ulikuwa katika sharti moja: Microsoft iliiruhusu IBM kutumia mfumo huo, lakini ikabaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Watengenezaji wengine walipojitokeza kwa makumi, wote walikwenda kununua unga kwa Microsoft. Mwaka 1985 likatoka toleo la kwanza la Windows. Wako wanaowaita watu hawa wezi. Mimi sioni hivyo. Waliuza unga mzuri, na makarani wengi duniani walijifunza kompyuta kwa huo. Ila unga ni unga, na mwenye ghala ndiye aamuaye lini utasagwa na lini utaachwa.

Turudi sasa kwenye chuo cha MIT. Huko alikuwako Bwana Richard Stallman. Yeye na wenzake walikuwa na mashine ya kuchapa iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Hawakuweza kuzuia karatasi isikwame, lakini walikuwa na maandishi ya programu yake, kwa hiyo waliongeza maagizo kidogo: karatasi ikikwama, wote wanaosubiri wapelekewe habari, ili mmoja wao aende akaitoe. Baadaye ikaja mashine mpya, bora kuliko ile, nayo ikakwama vilevile. Safari hii ilikuja na unga mtupu. Bwana Stallman alipomfikia mtu mmoja katika chuo kingine aliyekuwa na maandishi yale, aliambiwa, siwezi kukupa, nimetia sahihi kwamba sitampa mtu.

Mtu mwingine angenung'unika akaenda zake. Bwana Stallman, ambaye ni mtu wa msimamo mkali mno, alikasirika kwa muda wa maisha yake yote. Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima mpya, unaofanana na Unix lakini ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1989 akatoa hati ya masharti ambayo kwangu mimi ni kazi yake kubwa kupita programu zake zote. Hati hiyo yasema hivi kwa ufupi: chukua maandishi haya, yasome, yabadili, yagawe, hata yauze, lakini ukimpa mtu programu iliyotokana nayo, lazima umpe pia haki ya kupata maandishi yake ya asili, kwa masharti haya haya. Kwa mfano wetu, ukila mahindi ya shamba hili ukawauzia watu unga wake, usiwanyime mbegu.

Kufikia mwaka 1991 GNU ilikuwa na vyombo karibu vyote, isipokuwa kiini. Yaani jiko lilikuwa tayari, vyungu vipo, lakini moto haujawashwa.

Moto ukatoka Finland, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya. Kijana mmoja wa chuo kikuu mjini Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa amezoea kompyuta tangu utoto kwa kuchezea ile ya babu yake, aliyekuwa profesa wa takwimu. Januari 1991 alinunua kompyuta yake mwenyewe, naye hakuwa na fedha taslimu, akaichukua kwa kulipa kidogo kidogo. Profesa mmoja wa Amsterdam, Andrew Tanenbaum, alikuwa ametoa mwaka 1987 kitabu pamoja na mfumo mdogo uitwao Minix, kwa sababu maandishi ya Unix yalikuwa yamekatazwa darasani. Kijana Torvalds alijifunza humo. Akaanza kutunga kiini chake mwenyewe.

Tarehe 25 Agosti 1991 aliwapelekea wenzake habari kwa njia ya kompyuta, akasema anatunga mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Mwezi uliofuata akatoa maandishi yenyewe, mistari kama 10,000 hivi. Mwanzoni alikataza watu wasiuze, lakini mwaka 1992 aliuweka chini ya ile hati ya Bwana Stallman. Basi GNU ikapata kiini, na kiini kikapata vyombo vyake. Profesa Tanenbaum hakupendezwa na namna kiini kilivyojengwa, akasema wazi kwamba kimepitwa na wakati. Kijana akamjibu kwa ukali. Hawakupatana, lakini hawakuzuiana, na hilo nalo ni adabu ya kazi.

Leo Linux ina mistari zaidi ya milioni 30, iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zaendeshwa nayo. Na kiini hicho hicho kimo ndani ya Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008. Kwa hiyo, wewe uliyeketi hapo ukadhani habari za Helsinki hazikuhusu, yatazame maandishi ya simu yako. Ikiwa ni ya Android, unayo kazi ya kijana yule mfukoni.

Nisiwafiche, mtu huyo naye alikuwa na ulimi mkali. Kwa miaka mingi aliwajibu kwa matusi watu waliomletea kazi mbovu. Septemba 2018 aliandika hadharani kuomba radhi, akapumzika kwa muda akisema anataka kujifunza kuishi na watu. Si jambo dogo kwa mtu aliyesifiwa dunia nzima.

Na hapa Afrika? Bwana Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mwaka 2004 toleo la Linux lililokusudiwa watu wa kawaida, akaliita Ubuntu. Neno hilo latoka katika lugha za Kinguni, na sisi Waswahili hatuhitaji kamusi, maana ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu moja: mahindi yalikuwa wazi. Hawakulazimika kungoja mwenye ghala wa ng'ambo aone kama Kiswahili kina faida.

Lakini msidhani mambo ni mepesi hivyo. Mbegu ikiwa wazi, kila mtu aweza kuingia shambani, na mwizi naye ni mtu. Kilikuwako chombo kidogo cha kubana mafaili, jina lake xz, kinachotumika katika mifumo mingi ya Linux. Kilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, asiyelipwa, aliyekuwa amechoka. Akatokea msaidizi mpole, akaanza kuleta kazi njema tangu mwaka 2021, akaaminiwa, akapewa funguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 msaidizi huyo alificha humo mlango wa siri wa kumwezesha mgeni kuingia katika kompyuta za watu. Jina alilotumia lipo, lakini hakuna ajuaye hadharani alikuwa nani hasa.

Aliyegundua ni Bwana Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft. Aliona kuingia katika kompyuta yake kunachelewa nusu nukta. Nusu nukta, ndugu zangu! Mwingine angepiga miayo. Yeye alifuatilia, akafungua, akachunguza, na Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Aliweza kufuata nyayo kwa sababu vitu vilikuwa wazi. Lakini mlango nao uliwekwa kwa sababu mtunzaji alikuwa peke yake, na dunia nzima ilikula shambani mwake bila kumpelekea hata jembe. Mimi habari hii hunihuzunisha kuliko kunifurahisha.

Sasa jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Kila mfumo endeshi una makosa, maana umeandikwa na watu. Makosa yakionekana, watunzaji huandika masahihisho na kuyatuma. Simu inapokuambia kuna toleo jipya au sasisho, yakuletea masahihisho hayo. Mei 2017 programu moja ya uovu ilisambaa duniani kupitia kosa lililokuwa katika Windows, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Sahihisho lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi Machi. Kompyuta nyingi hazikuwa zimelipokea.

Tena ujue masahihisho yana mwisho. Windows XP, ambayo wengi wetu tuliianzia, iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 10 ilifikia mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, yaendelea kuwaka kama jana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mlango ukivunjika baada ya hapo hakuna fundi atakayekuja, isipokuwa mwenye ghala akubali mwenyewe. Ikiwa darasa lenu lina kompyuta ya zamani, fundi anayeaminika aweza kuweka Linux ndani yake, nayo itapata masahihisho bila kununuliwa upya. Wakumbusheni kwanza kutoa nakala za kazi zenu zote.

Kwa simu ni vigumu zaidi. Kiini cha Android kiko wazi kwa kila mtu, lakini aliyetengeneza simu yako ndiye anayekiunganisha na simu hiyo, na wengi wao hukifungia. Akiacha kutuma masahihisho baada ya miaka michache, mahindi yako wazi huko mbali, nawe huku umebaki na unga wa zamani. Na katika simu hiyo ndimo zilimo fedha zako, ada ya mtoto na akiba ya kikundi. Kwa hiyo ukienda kununua simu, hata iliyotumika, usiulize bei na kamera tu. Muulize mwenye duka: toleo lake ni lipi, na masahihisho yataendelea mpaka mwaka gani? Akicheka, nenda duka la pili.

Tumalize kwa kazi ya darasani. Kila mwenye simu ya kioo afungue mahali palipoandikwa Mipangilio. Ashuke mpaka chini, asome mstari usemao Kuhusu simu. Humo atafute toleo la mfumo, kisha tarehe ya sahihisho la mwisho la usalama. Simu nyingine huweka tarehe hiyo mahali pengine, katika usalama, mwalimu atawasaidia. Andika katika daftari lako jina la simu, namba ya toleo na tarehe hiyo. Asiye na simu ya kioo aketi na jirani yake, amsomee namba, mwenziwe aandike. Mwalimu atachora ubaoni safu tatu, na kila mmoja atakuja kuandika ya kwake kwa mkono wake mwenyewe. Leteni daftari hizo katika somo lijalo, maana tutaanza kwa kuzisoma tarehe, kutoka simu iliyosahihishwa karibuni mpaka iliyosahaulika kuliko zote. Kwaherini.